Pikipiki za mchana tu: iwe ruhusa ya siku za matengenezo, isiwe cheti cha mwaka

Msimu wa karafuu unapopamba moto Pemba, barabara hujaa pikipiki ambazo miezi mingine huzioni. Zinatoka Mtambwe, Kangagani, Konde na Ole zikiwa na magunia nyuma, zinaelekea vituo vya kununulia vya ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, kisha zinarudi shamba na wachumaji. Nyingi ni za miaka mingi. Ukizitazama vizuri utaona tundu pale ilipokuwa taa ya mbele, waya zilizosokotwa na kufungwa chini ya tangi, na nyuma hakuna kilichobaki ila kibao cha namba. Mwenyewe ukimuuliza atakwambia hiyo ni ya mchana tu, usiku haitoki.

Maneno hayo yanastahili kujibiwa kwa hoja, kwa sababu ipo nchi iliyoyaweka ndani ya sheria. Uingereza ilianzisha ukaguzi wa lazima wa vyombo vya moto mwaka 1960, na leo pikipiki ikishatimiza miaka mitatu tangu kuandikishwa hukaguliwa kila mwaka. Kanuni zao za taa za mwaka 1989 zinasema kwamba chombo kisicho na taa za mbele wala za nyuma, au ambacho taa zake zimepakwa rangi, zimefunikwa au zimekatwa waya hata haziwezi kuwashwa papo hapo, hakidaiwi taa baina ya jua kuchomoza na jua kutua. Mkaguzi akiletewa pikipiki ya namna hiyo hukagua yaliyobaki: breki, tairi, usukani, shokapu, cheni, fremu, honi. Ikipita, anatoa cheti na kuweka tahadhari kwamba chombo kilikaguliwa bila taa, kwa hiyo kitumike mchana peke yake, na kisitumike pale hali ya hewa inapopunguza sana uwezo wa kuona.

Iko busara ndani ya kanuni hiyo, na mtu anayeipinga kama mimi hana budi kuikiri. Kwanza, haimruhusu mtu kuja na taa iliyoungua akadai yeye ni wa mchana. Taa ikiwepo lazima iwake. Kama huitaki, iondoe au izibe kabisa, ili kila anayekutana nawe ajue kuwa huna. Pili, pikipiki ya mchana haisamehewi hata kidogo katika yale yanayoisimamisha. Breki moja lazima ifikie nguvu ya asilimia 30 ya uzito na nyingine isipungue asilimia 25. Kashata za tairi ziwe na kina kisichopungua milimita 1 katika robo tatu ya upana wake. Laiti tungekuwa na ukali huo wa breki na tairi katika kila pikipiki inayoshuka vilima vya Pemba na gunia la karafuu mbichi nyuma, nusu ya wasiwasi wangu ungekuwa umekwisha.

Nimesikia rai zaidi ya mara moja kwamba nasi tuwe na cheti cha mchana. Uwezo tunao. Usafiri wa barabarani Zanzibar si jambo la Muungano. Tuna Sheria ya Usafiri wa Barabarani Namba 7 ya 2003, tuna namba zetu zinazoanza kwa Z, na tuna Baraza la Wawakilishi linaloweza kutunga na kurekebisha. Wanaotoa rai hii si watu wazembe. Wengi wanaijua hali ya mkulima wa shamba kuliko wanaokaa ofisini mjini.

Lakini sikubaliani nao, na sababu yangu ya kwanza ni jua lenyewe.

London mwezi wa Juni jua linatua kiasi cha saa 3:20 usiku kwa hesabu ya saa zetu, na likishatua mwanga unabaki angani zaidi ya dakika 40. Aliyetoka na pikipiki isiyo na taa baada ya kazi ana saa nne nzima za kurudi kwake. Mwezi wa Disemba mambo hugeuka, jua linatua kabla ya saa 10 jioni, lakini wenye pikipiki hizo za mchana aghlabu ni watu wa michezo ya milimani na njia za matope, na chombo chao kinaweza kukaa bandani mpaka baridi iishe bila ya mtu kulala na njaa. Kanuni ile ilitungwa kwa watu wa namna hiyo, katika nchi yenye jioni ya namna hiyo.

Pemba iko nyuzi 5 tu kusini ya Ikweta. Mwaka mzima jua letu linatua baina ya saa 12:10 na saa 12:50 za jioni, hakuna msimu wa jioni ndefu. Likishatua, mwanga wa kumtambua mtu aliyevaa nguo nyeusi pembeni mwa njia haufiki nusu saa. Waingereza wanaihesabu saa ya giza kuanzia nusu saa baada ya jua kutua, na hapo ndipo wanapoilazimisha taa kubwa ya mbele iwake. Nusu saa baada ya magharibi katika njia ya Micheweni, chini ya miembe na mikarafuu, unasikia mlio wa pikipiki kabla ya kujua iko upande gani wa barabara.

Sasa angalia nani yuko njiani wakati huo. Kwa kuwa jua letu halibadiliki, kazi zetu zote zinaishia pamoja. Wakulima wanarudi kondeni, vijana wanatoka kiwanjani kucheza mpira, watoto wanatoka chuoni na misahafu kifuani, ng'ombe wanarudishwa zizini, gari ya shamba ya mwisho inashusha abiria, na waumini wanatoka majumbani kwa miguu kuwahi jamaa ya Maghribi. Barabara zetu nyingi hazina njia ya waendao kwa miguu. Hao wote wanatembea ukingoni mwa lami. Ramadhani ongeza juu yake haraka ya kila mtu kutaka kufika nyumbani kabla ya adhana. Dakika 30 hizo, ambazo kwenye karatasi ni mpaka baina ya mchana na usiku, kwetu ndizo dakika zenye watu wengi kuliko zote barabarani, na cheti cha mchana kinamtegemea mwenye pikipiki awe ameshaondoka njiani kabla hazijaanza.

Hataweza. Nasema hivi bila ya kumtuhumu mtu kwa ukaidi. Mkulima amefika kituoni saa 9 alasiri, kuna watu mbele yake, karafuu zinaangaliwa ukavu, zinapimwa, anasubiri malipo. Saa 12 inamkuta Wete na fedha za mavuno yake mfukoni. Hakuna sheria duniani itakayomfanya mtu huyo alale Wete. Atapanda pikipiki yake isiyo na taa na kurudi Kangagani, na mimi na wewe katika hali yake tungefanya hivyohivyo. Au mchuuzi wa samaki: biashara yake ni kuwahi dikoni Tumbe alfajiri, vyombo vinapoingia, ili samaki wafike Chake asubuhi wakiwa wabichi. Kazi hiyo watu huiita ya mchana, kumbe inaanza gizani kila siku. Sheria inayomtaka mtu achague baina ya riziki yake na mstari wa jua itavunjwa kila jioni, na askari wa barabarani watabaki na kazi ya kumsimamisha mtu ambaye chombo chake kilikuwa halali dakika kumi nyuma.

Sababu ya pili inahusu mchana wenyewe, na hapa naona wengi wanachanganya mambo mawili. Taa ya mbele ina kazi ya kumuonesha dereva njia, na ina kazi ya kumfanya yeye aonekane. Ile ya kwanza jua linaifanya. Ya pili jua haliifanyi kila mara. Njia ya Msitu wa Ngezi saa 8 mchana ni vipande vya mwanga mkali na kivuli kizito, na pikipiki inayotoka kivulini inaonekana imeshafika. Kwenye njia ya Bungi kule Unguja, chini ya miembe ya Bi Khole, hali ni hiyohiyo. Anayetoka Paje kuja mjini saa 11 jioni anakwenda magharibi, jua limo machoni mwake moja kwa moja, na kilicho mbele yake anakiona kama kivuli tu. Na masika, tangu Machi hadi Mei, mvua inaweza kuifanya saa 4 asubuhi iwe kama magharibi. Kanuni ya Uingereza imeliona hilo ndiyo maana ikataja hali mbaya ya hewa, lakini mtu aliyeshafika nusu ya njia mvua ikamshukia atafanya nini? Atawasha taa ipi?

Malaysia, nchi ya joto na mvua kama yetu na yenye pikipiki nyingi, ilikwenda njia ya upande wa pili kabisa. Mwaka 1992 iliwalazimisha waendesha pikipiki wawashe taa mchana. Watafiti waliofuatilia wakakuta ajali zile zinazotokana na pikipiki kutoonekana na wengine zimepungua kwa karibu asilimia 29. India tangu Aprili 2017 inataka kila pikipiki mpya taa yake ya mbele iwake yenyewe injini inapowaka, bila ya swichi ya kuizima. Nchi hizi zinaongeza taa za mchana. Itakuwa ajabu sisi tuanze kuandika vyeti vya kuziondoa.

Kuhusu taa ya breki sitasema mengi kwa sababu jambo lenyewe liko wazi. Gari iliyo nyuma yako inahitaji kujua umepunguza mwendo, saa 7 mchana sawasawa na saa 3 usiku. Kanuni ile ya Waingereza inaisamehe taa hiyo pamoja na nyingine zote, na hapo ndipo ninapoiona dhaifu hata kwa nchi yao.

Hoja nzito ya wanaokitaka cheti cha mchana ni nyingine, na nimeifikiria sana. Wanasema: ukidai taa kamili, mwenye pikipiki kongwe hatakuja kwenye ukaguzi kabisa. Ataendelea kupita njia za ndani, breki zake zimekwisha, tairi imebaki nyuzi, na hakuna mkaguzi atakayezigusa. Bora umsamehe taa, umpate kwenye breki. Hoja hii ni ya kweli. Pikipiki iliyokaguliwa breki ikakosa taa ni salama zaidi kuliko ile isiyokaguliwa chochote. Na ukaguzi unaofanyika mjini tu, unaomtaka mtu wa Maziwang'ombe apoteze siku nzima ya kazi kwenda kuambiwa amefeli, unawafukuza wale hasa wanaohitajiwa.

Lakini hoja hiyo inachukulia kuwa taa ni kitu ghali kisichopatikana. Tuangalie kwa nini taa za pikipiki hizi zinakufa. Katika pikipiki nyingi ndogo, umeme wa kuchoma plagi na umeme wa taa unatoka kwenye koili mbalimbali ndani ya magneto moja, yaani kile kifaa cha injini kinachozalisha umeme. Koili ya taa ikiungua, injini inaendelea kuwaka kama kwamba hakuna kilichotokea, na mwenyewe hana la kumsukuma aende kwa fundi. Ongeza chumvi ya bahari, ambayo visiwani petu haiachi soketi wala kiungo cha waya bila ya kutu. Kwa hiyo aghlabu ugonjwa ni koili ya kusukwa upya, au soketi ya kusuguliwa, au waya wa kurejeshwa mahali pake. Mafundi wa Machomanne na Konde wanazifanya kazi hizo kila siku. Na pale koili imekufa kabisa, leo zipo taa ndogo za LED zinazokula umeme mdogo mno, zinazoweza kufungwa mbele na nyuma na kuendeshwa na betri ndogo ya kuchaji hata kwa sola. Haziwezi kuumulika mlima mzima, lakini zinakufanya uonekane. Kanuni ya Uingereza ni ya mwaka 1989, enzi za balbu za uzi zilizokuwa zikinyonya umeme wa magneto mpaka zikafifia kila ukipunguza moto. Usumbufu uliokuwepo wakati ule wa kuipatia taa pikipiki isiyo na betri umepungua sana.

Ndiyo maana ninachokipendekeza ni kuichukua ile ruhusa ya mchana na kuigeuza kazi yake. Iwe ruhusa ya muda wa matengenezo. Pikipiki ikifika kwenye ukaguzi na breki zake, tairi, usukani na cheni viko sawa lakini taa hazifanyi kazi, isifelishwe ikaachwa, wala isipewe cheti cha mwaka. Mwenyewe apewe karatasi ya siku 14 inayomruhusu kutembea baina ya saa 1 asubuhi na saa 11 jioni. Hizo ni saa za kwenye saa ya mkono, ambazo mwenye chombo na askari wote wawili wanaziona bila ya kubishana juu ya jua limetua au bado, na zinaacha nafasi ya zaidi ya saa moja kabla ya giza kwa aliyecheleweshwa na pancha. Mbele na nyuma abandikiwe reflekta papo hapo ukaguzini, kwa sababu reflekta haihitaji koili wala betri. Akirudi na taa zinazowaka ndani ya siku hizo, aangaliwe taa peke yake na asitozwe mara ya pili. Waingereza wana utaratibu unaokaribia huu kwa chombo kilichoachwa pale pale kwa matengenezo kikarudiwa ndani ya siku 10 za kazi, na huo ndio ningependa tuuazime kabla ya kuazima cheti chao cha mchana.

Ruhusa hiyo isitolewe mara mbili kwa chombo kimoja ndani ya mwaka mmoja. Vinginevyo itarejea kuwa kile cheti tulichokikataa, kwa jina jengine.

Bodaboda wa abiria haimhusu kabisa. Anayebeba gunia lake anahatarisha maisha yake na ya aliyeko njiani, na hilo ni kubwa la kutosha. Anayebeba abiria kwa malipo amebeba mtu ambaye hakuitazama waya iliyofungwa chini ya tangi na hana namna ya kujua kwamba chombo alichokipanda saa 11 na nusu hakikutakiwa kuwa barabarani. Mama anayempakia mtoto wake kumpeleka hospitali ya Chake Chake hasomi karatasi ya dereva. Bodaboda akikosa taa asimame mpaka zitengenezwe, hata kama ni siku moja.

Na liko suala la bima ambalo halifai kuachwa mpaka litokee. Anayegongwa na pikipiki yenye ruhusa ya mchana saa 1 usiku asije akaambiwa kwamba bima ya chombo ilikuwa ya mwanga wa jua. Kanuni yoyote itakayotaja ruhusa hii iseme wazi kwamba haki ya mtu wa tatu haiathiriwi na saa ya ajali, na kwamba kosa la kuvunja masharti ni baina ya mwenye chombo na dola.

Lakini yote haya hayatasaidia kitu ikiwa mkaguzi atabaki mjini. Vifaa vya kukagulia pikipiki si vingi: kipimo cha kashata za tairi, mahali tambarare pa kujaribu breki, macho na mikono ya mtu anayezijua beringi za usukani. Vinaingia ndani ya gari moja. Gari hiyo inaweza kusimama kiwanja cha skuli ya Konde siku moja na ya Ole siku nyingine, masheha wakiwa wametangaza mapema, na fundi wa eneo lile akiwa pembeni na koili zake, balbu zake na waya. Mwenye pikipiki aliyefeli kwa soketi yenye kutu anaweza kuondoka na taa inayowaka siku hiyohiyo bila ya kuhitaji hata zile siku 14.

Wakati pia uangaliwe. Ukiwaita watu wakaguliwe mwezi mmoja kabla ya mavuno, unawaita wakiwa hawana kitu mfukoni, na jibu lao litakuwa kutokuja. Ukingoja mavuno yaishe, msimu mzima umepita gizani. Gari ya ukaguzi ipite shamba katika wiki za mwanzo za mavuno, mkulima akiwa ameshauza gunia la kwanza.